Mama Keza Alivyonisahihisha

Najua mtasema nimesoma hadithi za kutisha mpaka zimenipanda kichwani. Semeni tu. Lakini wallahi hili lilinipata mimi mwenyewe, saa tisa alasiri, jua linawaka, na sikuwa na homa wala njaa.

Mimi ni fundi wa nguo, kichumba changu cha kushonea kiko mtaa wa Ngagara. Tuko grupu kwenye simu, watu wanatunga hadithi za mashetani wanazituma, sisi wengine tunatoa maoni. Mimi najulikana kwa kutomung'unya maneno. Na hizi hadithi za siku hizi, niwaambie ukweli, nyingi zinanichosha. Damu mwanzo, damu mwisho. Kila mzimu amevaa gauni jeupe. Kila anayekimbizwa lazima ajikwae. Mwandishi anatupigia kelele masikioni, halafu anadhani tumeogopa.

Siku moja mtu tusiyemfahamu akatuma yake. Ilikuwa ya mwanamke aliyekufa kwenye mafuriko ya Gatumba, mto Rusizi ulipojaa. Maji yanafika kifuani kabla mtu hajafunga mzigo, yule mama anapiga kelele mpaka anazama, na tangu hapo kila jioni analia kando ya mto akivuta watu. Nikarekodi sauti yangu: "Kaka, hii ni ya uongo. Maji gani yanapanda haraka hivyo? Na huyo mzimu wa kulialia tumemchoka." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikaendelea na suruali ya mtu.

Kesho yake ndipo akaja.

Nilisikia mtu anakohoa nyuma yangu. Kugeuka, mama wa umri wangu amekaa kwenye benchi, kitenge cha njano, amelowa kichwa mpaka miguu. Aliingiaje? Mimi hukaa mlangoni kabisa nipate mwanga. Ukitaka kupita lazima nisogeze goti. Na ilikuwa kiangazi, mvua hatujaiona miezi.

"Karibu, mama. Umeleta nguo?"

"Apana." Alikuwa na ile sauti ya mtu anayecheka hata akisema jambo zito. "Mi nimekuja kwa ile sauti yako. Kimoja umepatia, kimoja umekosea."

Nikaweka sindano chini.

"Maji yanapandaka hivyo, dada. Hayapiti mlangoni. Yanatokea chini, unafikiri mutoto amemwaga ndoo. Ukiinama kuangalia, yako kwa magoti."

Nikasogeza suruali ya mteja isilowe. Akaendelea:

"Lakini kelele, pale umesema kweli. Mi sikupiga kelele. Nilimupandisha Keza wangu juu ya bati kwa jirani, nikarudi ndani kutafuta sakoshi ya nguo. Mlango ukakataa. Basi nikawa namwimbia, kwa nguvu, ajue niko, asishuke. Ule wimbo wetu wa kuku anayeogopa kuoga. Watu wakafikiri nalia. Papa Keza naye anafikiri hivyo. We ndo unasemaka ukweli. Umwambie zile kelele azifute."

Mtu akishikwa na hofu hufanya jambo la kawaida kabisa. Niligeuka kuchukua leso msumarini nimpe ajifute. Kurudisha macho, benchi tupu. Mbao zilikuwa zimelowa, na goti langu halikuguswa na mtu.

Siku mbili sikushona. Ya tatu nikampigia aliyetuma hadithi, nikaanza kwa kumwomba radhi.

"Si neno, dada."

"Yule mama, ulimtunga?"

"Ni mke wangu. Mi nilikuwa kazini mujini. Majirani waliniambia alipiga kelele sana. Nikilala nazisikia. Nikaona nikiziandika, labda zitatoka."

Nikamweleza yote, nikingoja anitukane. Hakunitukana. Nikamsikia anaita mtoto. "Keza! Siku ile ya maji, mama alikuwa anasema nini?"

Sauti ya kitoto ikajibu, kama aliyeulizwa amekula nini: "Alikuwa ananiimbia ya kuku."

"Mbona hukuniambia?"

"Si hukuniuliza."

Yule baba akalia. Baadaye akaanza kucheka huku analia, anasema, "Alikuwa anaimba, mama we, alikuwa anaimba." Akanishukuru mpaka salio langu likaisha, akatafuta lake, akapiga tena kunishukuru.

Nami je, nimshukuru nani? Msimu wa mvua ulipofika, mimi na mama yangu mzazi tulikuwa tunakula nyumbani, Carama, karibu na korongo. Mama akainua mguu kwenye mkeka. "Nani amemwaga maji?"

Sikuinama kuangalia. Nilimshika mkono nikamvuta nje, sufuria motoni, cherehani yangu nzuri mezani. "Viatu vyangu!" analia. "Viache, mama!" Hatujafika barabarani, ukuta wa nyuma ukaanguka, na paa likaufuata. Mama yangu yuko hai. Mpaka leo ananilaumu kwa vile viatu, na kila akinilaumu nasema alhamdulillahi, kwa sauti, naye anazidi kukasirika.

Papa Keza aliiandika upya hadithi yake. Wengine kwenye grupu walisema haitishi tena. Kweli, haitishi. Mimi nilisema ni nzuri kuliko zote tulizotumiwa, na hiyo ndiyo rai yangu mpaka kesho. Mama Keza hakurudi. Hakuwa wa dini yetu, lakini kila Ijumaa namwombea dua, na hajatokea wa kunikataza.

Basi nyinyi mnaopenda kuponda kazi za watu kama mimi, pondeni, ukweli ni dawa. Ila kwanza mmuulize mwandishi amefiwa na nani. Na siku utakapokuta sakafu imelowa na hakuna aliyemwaga maji, usiinamie, usirudi ndani. Toka na watu wako. Nguo nitakushonea mimi.