Ngoma Mpya ya Babu

Kila wanapopasha ngoma moto ufukweni Mbamba Bay ili ngozi zikaze, harufu ya manyoya yanayoungua hunirudisha utotoni.

Nilikuwa na mbuzi mweusi mwenye baka jeupe. Mama yake alikufa, nikamlea mimi kwa uji. Siku moja sikumkuta zizini.

"Babu yako kampeleka Ngumbo akapate dume," bibi aliniambia bila kuniangalia.

Nikaamini. Kila jioni niliendelea kumkatia majani, maana angerudi na njaa.

Likizo ilipofika, vijiji vilikutana ufukweni kushindana kucheza kioda, nasi wasichana tukapangwa mbele ya mama zetu. Babu akaleta ngoma mpya aliyoiwamba mwenyewe, akaielekeza motoni. Ukingoni, chini ya kamba, manyoya hayakunyolewa. Yalikuwa meusi, kisha baka jeupe. Nikakumbuka nyama tuliyokula Jumapili ile baada ya mbuzi wangu kutoweka, na nilivyoomba niongezewe.

Nikamgeukia bibi. Alikuwa ananikazia kanga kiunoni.

"Cheza, mjukuu wangu," alisema. "Watu wanatuangalia."

Babu akapiga. Hakuna ngoma iliyolia vizuri kama ile ufukweni kote. Nikacheza.