Twiga Waliolala

Daktari wa kliniki ya mjini alinipea vidonge vya kutuliza roho, na roho ikatulia kweli. Shida ni mikono nayo ikatulia.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuchonga twiga za mbao, huku kwetu Wamunyu. Twiga tu. Pale kwa banda letu kila mtu alikuwa na mnyama wake: wa ndovu hagusi kifaru, na wa kifaru akichonga ndovu ni kama amekuibia bibi. Twiga niliachiwa na mjomba wangu, mkubwa wa banda, macho yake ilipokataa kazi ndogo ndogo. Tunachonga na ngomo, kale kashoka ka mkono mmoja, na unakata ukielekea kidole chako mwenyewe. Sasa weka mtu wa usingizi hapo.

Kabla ya dawa nilikuwa nashikwa. Niko tu nimekaa, saa nne asubuhi, chai kwa mkono, halafu moyo inaanza mbio, pumzi inakataa, natoka nje nikijua ni leo nakufa. Nilikufa hivyo karibu kila wiki. Nikirudi, wa ndovu ananiuliza, "Mbinguni kukoje? Wamekunyima kiti tena?"

Daktari hakuniangalia hata. Nilieleza, akaandika. Ningemwambia nimemezwa na fisi angeandika vile vile. Lakini haki yake nimpe: mwezi mzima nilimeza na sikukufa hata mara moja.

Halafu mjomba akapanga twiga zangu laini moja, tayari kupakwa rangi ya viatu. Akaziangalia. Akaita wengine.

"Kujeni muone. Huyu ametuchongea twiga za matanga."

Zote zilikuwa zimeinamisha kichwa, shingo imelegea, macho nusu. Na mimi nilikuwa najisifu!

"Hii ni ngamia imepigwa sindano," wa ndovu akasema.

"Nyamaza. Ndovu yako ni kiazi yenye maskio," nikamjibu.

Wakacheka. Mjomba hakucheka. Alishika kidole gumba yangu, ile nilikuwa nimefunga kitambaa. "Hii ni mara ya pili wiki hii, kijana yangu. Ya tatu inaenda na kidole. Ukibaki hivi, twiga napatia mtu mwingine."

Basi nichague: nimeze nipoteze twiga, ama niwache nianze kufa tena. Washauri wakamiminika. Mama akasema niombewe. Wa kifaru, ambaye dawa anayojua ni ya kupe, akasema nikate kidonge nusu na ngomo. Mwenye duka la dawa akaniambia eti dawa haibadilishwi kama shati. Huyo naye alikuwa koti nyeupe tu, ndani hakuna daktari.

Nikarudi kliniki. Safari hii sikueleza kitu. Nilitoa twiga mbili kwa mfuko, nikaziweka kwa meza: ya kabla ya dawa, na ya baada. Daktari akainua kichwa. Kumbe alikuwa na macho.

"Huyu wa pili ni mgonjwa?"

"Ni mimi, daktari."

Sasa ndio akaanza kuuliza maswali. Akasema kuna dawa ingine haileti usingizi sana, lakini inachukua wiki kadhaa kushika, na hii ya kwanza haiwachwi ghafla, inapunguzwa pole pole. "Hapo katikati unaweza kushikwa. Uko tayari?"

Niliangalia ile twiga ya zamani, shingo juu, maskio wima, macho imetoka. Wanunuzi waliipenda, eti inakaa hai. Hai wapi! Ilikuwa inaogopa tu, kama mwenyewe.

"Andika," nikamwambia.

Niliporudi kwa banda, mjomba akaninyang'anya ngomo, akanipatia msasa nisugue ndovu za wenyewe, zile viazi zenye maskio. Siku ya tisa nikashikwa, nikatoka mbio. Niliporudi wa ndovu akafungua mdomo. Nikamwahi: "Wamesema kiti changu bado. Lakini chako kiko tayari, hata wamepanguza."

Hapo mjomba akacheka. "Onyesha mikono."

Nikanyoosha. Ilikuwa inatetemeka, lakini haikuwa imelala.

"Ikitulia, ngomo yako iko pale," akasema. Na kwa kona, mbao zangu za twiga zilikuwa vile niliziwacha. Hakuna mtu alikuwa amezigusa.