Ungeniuliza Baadaye

Naikumbuka asubuhi moja ya mvua pale Kitale, mwanangu, kwa sababu siku hiyo nilijiona mpiga picha kamili. Nilikuwa binti wa miaka ishirini, mkaaji wa mtaa wa Tuwan, na kamera ya filamu niliyopewa na shangazi yangu mwenye studio kule Bungoma. Alinifundisha kusoma mwanga na kuwa na subira. Kuhusu watu hakunifundisha sana, ama pengine sikumsikiliza.

Mzee mmoja alikuwa akivuta mkokoteni wa mahindi karibu na soko. Gurudumu likazama kwenye tope. Akainama, mishipa ya shingo imemtoka, maji yakimtiririka usoni. Nikabonyeza mara moja, nikaenda zangu. Hata kumsaidia kusukuma sikumsaidia. Hilo huniuma mpaka leo.

Picha ilitoka nzuri ajabu. Shangazi akaikuza, akaiweka kwenye dirisha la studio. Kila nilipokwenda Bungoma nilikuwa nikipita nje makusudi, nione watu wakisimama kuitazama.

Kisha siku moja nikiwa studioni akaingia msichana wa rika langu, Nafula, kutoka Bumula hapo jirani, aliyetaka picha ndogo za kupeleka chuoni. Hakuketi.

"Yule pale dirishani ni baba yangu," akasema. "Ametuambia ni karani kwa stoo ya mahindi."

Akafunika uso, akatoka.

Niliitoa picha dirishani. Kesho yake nikamtafuta Mzee Wekesa, baba yake, sokoni Kitale. Nikampa picha pamoja na negativu yake, ile filamu iliyoizaa, nikamweleza yote.

"Picha ni nzuri," akasema. "Lakini si ungeniuliza?"

"Ningekuuliza, mzee, ungejipanga. Haingekuwa kweli."

"Basi ungeniuliza baadaye. Mimi niko hapa kila siku." Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nangoja amalize masomo nimwambie. Hayo maneno yalikuwa yangu, msichana. Ukanitangulia."

Nililia pale pale, na yeye, aliyekosewa, ndiye aliyenibembeleza.

Jumamosi Nafula akaja Kitale, akatukuta sokoni. Nilitaka kuwaachia nafasi, mzee akanizuia. Binti aliishika mikono ya babake, akaigeuza, akagusa sugu za viganjani.

"Baba, kwani ulidhani nitakukataa?"

Mzee akacheka, machozi yakimtoka, kisha akanigeukia. "Sasa piga. Sasa nimekubali."

Nilibonyeza haraka bila kurekebisha lenzi, picha ikatoka na ukungu kidogo. Waliitundika sebuleni hivyo hivyo.

Mwanangu, wewe una simu, unapiga picha mia kabla ya chai. Sikukatazi. Mtaani mambo hupita upesi, na ukingoja ruhusa kila mara utarudi nyumbani bila kitu. Lakini ukishapiga, usikimbie. Msogelee mtu huyo, mwamkie, mwonyeshe. Akisema futa, futa, hata kama ndiyo picha bora uliyowahi kupiga. Hujui anaficha nini, wala anamficha nani. Na ukimkuta amekwama kwenye tope, weka kamera chini kwanza, usukume naye.

Mungu akupe jicho kali na moyo laini. Popote utakapopita na kamera yako, watu wafurahi kukuona ukirudi.