Nilivyofuta Moshi wa Chetezo

Mume wangu huandika mabango ya saluni na mabucha pale Ngamiani, na kwa miaka tisa sikuwahi kumwona akichora kitu ambacho hakuna mtu aliyemwagiza. Kwa hiyo siku nilipokuta picha imeegemezwa ukutani chumbani mwetu, mbichi, inanuka rangi, nikajua kuna neno.

Ndani yake mwanamke amekaa ukingoni mwa kitanda, ametugeuzia mgongo. Kanga ni yangu, kitanda ni changu, hata ule mguu wa kitanda uliofungwa kamba ni wetu. Aibu zetu zote kaziweka hadharani. Mlangoni kasimama mwanamume, viatu mkononi, nusu ndani nusu nje. Usoni husomi kitu. Anaingia au anatoka?

Mngejua hali ya nyumba msingenicheka. Wiki mbili kabla aliitwa Unguja kupamba kuta za hoteli, kazi ya mwaka mzima. Aliponiuliza nasemaje, nikamjibu, "Nenda ukitaka, nani kakushika?" Mimi na mdomo wangu! Tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana kama wapangaji. Sasa na hii picha. Nisiwafiche, niliogopa. Niliogopa kwamba ameshaamua, na kwaheri yenyewe ndiyo hiyo.

Nikamwita somo wangu kutoka Mabawa, mama aliyenifunda nilipoolewa, ambaye mambo ya chumbani hayampigi chenga.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwari wangu. Iko wapi hiyo picha ya aibu?"

Akaiinamia mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Hakumtazama yule mwanamume hata kidogo. Alikitazama chetezo kilichochorwa sakafuni, kando ya kitanda.

"Kinafuka au hakifuki?"

"Chetezo kinahusu nini, somo?"

"Loo, nilikufunda nini mimi! Udi hufukizwa mume akingojewa. Nani anamfukizia mtu anayeondoka? Kikiwa kinafuka, anaingia. Kikiwa kimezimika, mwanangu, shauri yako."

Juu ya chetezo palikuwa na kitu cha kijivu. Mimi nikasema ni moshi. Yeye akasema ni vumbi la dari limenasa kwenye rangi mbichi, hizi nyumba zetu anazijua. Tukabishana weee! Mwisho nikashika ncha ya kanga nikapangusa, ili tujue moja.

Ulikuwa moshi. Wote ukaja na kanga.

Somo akakaa kitandani taratibu. "Haya," akasema, "umeshamfukuza mwenyewe."

Nikakimbilia makopo ya mume wangu. Nikachanganya nyeupe na nyeusi, nikachukua brashi iliyokuwa karibu, ile nene ya kuandikia mabucha, nikapaka moshi. Ukatoka kama ukoka. Nikaongeza. Somo naye akawa nyuma yangu, "Zidisha, uonekane!" Tulipokuja kusimama, moshi umemeza kitanda, na yule mwanamke kabaki kichwa tu. Mara tukasikia baiskeli ikiegemezwa barazani. Somo wangu, mwanamke wa shoka, akaponyokea uani akaniacha na brashi mkononi.

Mume wangu akasimama mlangoni. Kavua viatu, kavishika mkononi. Akaitazama picha, akaitazama mikono yangu.

"Huyu sasa anakimbia moto, au anakuja kuuzima?"

Nilitaka kucheka, nikalia. "Ulimchora anaingia au anatoka? Niambie!"

"Sijui," akasema. "Nimekaa naye siku tatu, wallahi sijui. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Miaka tisa, na mtu huyu nimemgombeza, nimemtania, nimemsusia, lakini kumwomba kitu kwa maneno ya kawaida sikuwahi.

"Usiende," nikasema. "Sitaki uende."

Akainama, akaviweka viatu chini, upande wa ndani wa mlango, kimoja, kisha cha pili.

Sauti ikaja kutoka uani: "We mwari, udi! Au mpaka nije niuwashe mimi?"