Mfupa Chini ya Kitanda cha Bwire

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini kwamba nimemuua kaka yangu kwa kunyonya mfupa. Bwire mwenyewe alikuwa bado hai, tena anadai chai ya maziwa, lakini mimi moyoni nilishamzika.

Kwetu Mugango tulikula samaki mpaka tukawachoka. Nyama ilikuja Krismasi, na mfupa wa muundi, ule wenye uboho ndani, ulikuwa wa Bibi peke yake. "Mtoto akinyonya uboho," alikuwaga anatuambia, "anamkausha ndugu yake wa tumbo moja." Sasa mimi nilikuwa mlafi, sina haja ya kuficha. Krismasi moja Bibi aliingia ndani kutafuta chumvi, nikaugonga ule mfupa juu ya jiwe na kuunyonya mpaka ukatoa mluzi. Utamu wake nausikia hadi leo, Mungu anisamehe.

Kabla ya Pasaka Bwire akaanza kupauka. Fizi zikawa nyeupe, na akipanda kamlima kadogo tu anakaa chini kupumzika. Damu ya pua ikianza haikatiki. Mpira ulimgusa pajani, pakavilia damu, na mama akaenda shuleni kumgombeza mwalimu bure akidhani mtoto kachapwa. Wakampeleka Musoma, Musoma wakampeleka Mwanza, huko akachomwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, kisha akarudishwa Musoma kulazwa. Sisi tukafikia kwa shangazi, mtaa wa Kitaji.

Bibi hakukubali majibu ya juu juu. Alimkamata daktari mlangoni mwa wodi.

"Damu inapikwa ndani ya mifupa, Bibi, kwenye uboho," daktari akamweleza. "Huyu uboho wake umekauka, haupiki ya kutosha. Ndiyo maana anachoka na kutoka damu, na ugonjwa mdogo tu unaweza kumwondoa."

"Nani kaukausha?"

"Mara nyingi hata sisi hatujui."

Mimi niliyesimama nyuma ya kanga ya Bibi, nilijua.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nilinyonya mmoja, nirudishe mmoja. Nikaenda bucha kuomba mfupa, nikamwambia mwenye bucha ni wa mbwa. Shangazi hakuwa na mbwa. Nikautia kwenye mkoba wa shule, na saa ya kuona wagonjwa nikausukuma chini ya kitanda cha Bwire, usawa wa nyonga, nikauombea na Baba Yetu.

Siku ya kwanza Bwire hakupona. Siku ya tatu, kwa joto lile la Musoma, wodi nzima ilikuwa inatazamana. Nesi akainama, akautoa kwa kuushika na gazeti.

"Nani kaleta mzoga humu?" akauliza. "Huyu mtoto hana kinga mwilini. Mnataka kumuua?"

Bwire alicheka mpaka nesi akamkataza, asije akatoka damu. Lakini mimi niliposikia neno kumuua, nikaangua kilio na kuungama yote: Krismasi, jiwe, mluzi, hadi mbwa wa uongo. Wagonjwa waliinuka vitandani kusikiliza.

Bibi alikaza kanga yake kiunoni. Nilijua sasa nafukuzwa ukoo.

"Mke mwenzangu," akasema, "acha kulia. Mwiko ule niliutunga mimi mwenyewe. Nilikuwaga napenda uboho, na nyie mko wengi."

Wodi ikalipuka kwa kicheko. Mama mmoja wa kitanda cha pili akasema, "Kumbe bibi ndiye mlafi," na Bibi akaitikia kwamba ndiyo, ulafi umemzidi. Habari ilitutangulia Mugango, na hadi kanisani waliendelea kumtania. Mimi usiku ule nililala usingizi mzito, wa kwanza baada ya wiki nyingi.

Bwire alikaa kwenye dawa miezi na miezi. Wajomba walitoka Kisorya kuja kumtolea damu, wakarudi wakijisifu. Polepole uboho wake ukaanza tena kazi. Sasa ana duka la vipuri Bunda, na kitambi.

Mwaka jana nilikwenda msibani Butiama, kwa watu ambao Bibi hakuwajua kabisa. Mzee mmoja alimpokonya mjukuu wake mfupa. "Uboho si wa mtoto," akamwambia, "utamkausha ndugu yako." Nikamuuliza maneno hayo kayatoa wapi. Akanishangaa. "Tumezaliwa tukayakuta," akasema.

Chakula kilinishinda. Bibi hakutunga kitu. Aliupokea mwiko ule kwa mama yake na aliuamini, hata asubuhi ile wodini, mjukuu wake akiwa kitandani na uboho mkavu, na mimi mbele yake nikikiri kwamba ndimi niliyeunyonya. Aliamini kabisa kwamba nimemkausha Bwire. Na bado aliona afadhali achekwe, aitwe mlafi mpaka kufa kwake, kuliko mimi nikue na mzigo ule.