Kioo cha Mwalimu Moustapha

Mwalimu Moustapha wa Wamaza ni mtu mpole, ila ukimgusia umeme tu umekwisha: chai itapoa mkononi mwako. Sisi tunaofundisha naye tumemkimbia tangu ndugu yake aliye Ubelgiji amtumie kipande cha kioo, kidogo kuliko kucha. Juu yake kuna transista, yaani mlango wa umeme, iliyopakwa utando mwembamba wa plastiki ya feroelektriki, ile inayoshika alama ya umeme uliopita. Gusisha betri mara moja, mlango unafunguka na taa iliyoungwa nao inawaka. Ondoa betri, unabaki wazi. Unakumbuka!

Basi si akaenda kumwambia hayo mzee Djamali wa Kabambare, baba wa Chadia, siku ileile ya kuposa!

"Kitu bila betri kinakumbuka?" mzee akacheka. "Fungua hiyo mulango yako leo, uache kioo hapa. Juma ijayo taa ikiwaka, tutaongea mambo ya Chadia. Isipowaka, siwezi toa binti kwa muongo."

Moustapha akaufungua mlango kwa betri, taa ikawaka watu wakaiona, akaondoa nyaya zote, akamkabidhi mama Chadia kioo.

Juma lililofuata nilimsindikiza kwa pikipiki, ingawa tuliisukuma zaidi kuliko kuipanda. Mama Chadia akaleta kioo. Lo! Kimejaa masizi, kinanuka moshi. Mama alikihifadhi kama anavyohifadhi mbegu za mahindi: kwenye kichanja juu ya meko, wadudu wasikiguse. Na utando ule ukipata joto kali unasahau yote. Hata mimi nilijua, alishanichosha masikio.

Moustapha akaunga taa. Haikuwaka.

"Ehee?" mzee akauliza.

Nikamkanyaga Moustapha mguu: sema, mjinga wewe, sema! Lakini nani atamshtaki mama mkwe mbele ya watu? Akainamisha kichwa. "Baba, kosa iko yangu. Nilijisifu bure."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga.

"Bure namna gani?" mama Chadia akaruka. "Mimi nilikiweka juu ya moto vizuri, pamoja na mbegu! Kule hata mahindi haisahau kuota, sembuse kioo!"

Mzee akakinusa kioo, akamtazama Moustapha. "Ulijua ni moto?"

"Nilijua, baba."

"Na ulinyamaza."

Mzee akamgeukia mkewe.

"Mama Chadia, mupikie mukwe wako chakula. Kioo yake usipike tena."