Shukrani ya Kupona Kwangu

Mama alitangaza shukrani kanisani bila kuniuliza. Nilikuwa nimetoka hospitali majuma machache tu, mwili umeanza kurudi, na kwake hilo lilitosha. Nilipokonda, majirani zetu wa Mabatini walisema yao: wengine ukimwi, wengine nimerogwa. Hakuna aliyewaza kwamba nilikuwa naogopa chakula. Hata mimi sikujua kuwa huo ni ugonjwa mpaka daktari aliponieleza.

Jumapili ya shukrani hiyo, uani kwetu palijaa watu. Niliwaamkia wazee, nao wakaitikia marahaba huku wakinishika mkono juu ya kiwiko, kama wanaopima. Mama mdogo akasema nimenenepa, sasa nimekuwa mtu. Alisema kwa upendo. Mimi nilisikia nimenenepa tu.

Nikaletewa ugali na samaki sato mzima, wakatulia kuniangalia. Nilimega tonge, nikalifinyanga mpaka likapoa mkononi. Mchungaji aliomba, akashukuru kwamba ugonjwa umekwisha. Watu wakaitikia amina, nami nikaitikia. Kisha nikainuka, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye mawe, pale ziwa linapoonekana kwa chini, nikalia. Nilitamani niwe mgonjwa tena, maana mgonjwa angalau haombwi kufurahi.

Mama alinifuata na sahani yangu.

"Mama, sijapona," nikamwambia.

"Lakini daktari amekuruhusu. Na unakula."

"Nakula, ila kila tonge nagombana nalo. Mtu akiniambia nimenenepa, natamani nisile tena."

"Sasa kupona ni nini, mwanangu?"

Nilimwambia labda ni siku nitakayokula huku nawaza mambo mengine kabisa, kama watu wote. Siku hiyo siioni, na nimechoka kuitafuta.

Akakaa juu ya jiwe na kitenge chake kizuri, akaweka sahani katikati yetu, akaanza kula. Hakunibembeleza. Hakuniangalia hata mdomoni. Baada ya muda nikachukua kipande cha samaki, nikatafuna, nikameza. Nikachukua kingine, machozi bado yananitoka.

Uani walikuwa wameanza pambio la shangwe. Mama hakusimama kwenda kuimba nao. Mimi nilikuwa nawaza chakula cha jioni, na kwamba kesho nikiamka kuna chai, na kila mlo nitaanza kugombana nao upya.